Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Redio Mlimani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu za redio ya ridhaa tulizielekeza kwenye redio za mkobani: kubeba mtambo hadi kileleni, kufunga antena na kuita wapenzi wengine wa redio. Nasisitiza jambo moja: kusikika kwako kunategemea waya na saa uliyochagua kuliko wati. Wati 5 zinatosha.

Ukingo wa kreta ya mlima Longonot ni majivu na mawe mepesi ya volkano. Vigingi vya hema havishiki, na upepo ukivuma mlingoti unalala. Tumia mlingoti wa faibaglasi wa mita 6 wenye kamba tatu, kila kamba ikifungwa kwenye mfuko uliojazwa mawe papo hapo. Fimbo ya kaboni iacheni nyumbani; kaboni hupitisha umeme na huvuruga antena.

Kwa safari ya kutwa, bendi ya 28 MHz ndiyo inayofaa. Mzunguko wa 25 wa jua (kipindi cha jua kuchangamka kisha kupoa), ulioanza Desemba 2019, bado unaipa bendi hiyo uhai mchana, wakati 14 MHz huifikia Ulaya vizuri zaidi jioni, tukiwa tumeshateremka. Dipole (antena ya waya yenye miguu miwili sawa) ya 28.4 MHz hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa ya MHz: mita 5.04, yaani 2.52 kila upande. Ongeza sentimita 10 kila upande, kisha punguza kidogo kidogo ikiwa imesimama, kwa sababu miguu ikiinama masafa hushuka.

Wanaopenda waya wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni wanazungusha transfoma ya mizunguko 2 kwa 14, yaani uwiano wa ukinzani wa 49 kwa 1, na kapasita ya pF 100 kwenye upande wa redio. Kosa lake ni lile lile kila mara: vanishi ya waya haikukwanguliwa vizuri kabla ya kuchomea, hivyo SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio; 1 ndiyo bora) inaruka ukigusa kisanduku. Ipime mezani: unganisha rezista ya ohmu 2,400 upande wa antena, SWR ikaribie 1.

Betri ya lithiamu-chuma-fosfati ya seli nne hukaa karibu na volti 13 kisha huanguka ghafla, kwa hiyo voltimita haikuonyi mapema. Hesabu matumizi: mtambo mdogo hula takriban ampea 0.5 ukisikiliza na 2 ukirusha. Betri ya Ah (ampea-saa) 4 inatosha saa tatu.

Kwenye vilima vya Ngong, jiepusheni na upande wa milingoti ya utangazaji. Mawimbi yake huziba masikio ya redio za mkononi kwenye 145.500 MHz. Songeni kusini, kuelekea kilele cha Lamwia.

Kumbukumbu za mawasiliano ziandikwe kwa UTC (saa ya kimataifa). Saa sita mchana kwetu ni 0900, na saa tisa alasiri ni 1200. Wengi hutoa saa tatu kwenye saa ya Kiswahili, na mawasiliano hayathibitishwi.

Radi ikisikika, au redio ikianza kuchacharika mfululizo bila sababu, chomoa kebo, laza mlingoti, teremka. Hili halina mjadala, hasa mvua za Machi hadi Mei. Leseni ya redio nayo ibebwe. Askari wa mbuga ana haki ya kuuliza waya ule ni wa nini.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa kipima antena kimoja cha chama, kitakachobebwa kila safari na kutumika kwanza langoni, kabla ya kupanda.