Baba, simba walikuwa wawili

Leipzig, Novemba

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu na mvua za kwanza zimewakuta mmeshalima. Mimi mzima. Huku baridi imeingia, na saa kumi na nusu jioni giza limeshatanda.

Siku ile kwenye simu uliniuliza hasa nafanya kazi gani, nikakujibu kwa haraka, "Natengeneza vitabu vya zamani." Jibu lile halikutosha, na wewe uliyekaa miaka yote ile kwenye meza ya kujalidi pale misheni unastahili kuelezwa vizuri.

Wiki iliyopita niliwekewa mezani kitabu cha sheria kilichochapwa karne ya 16. Mbao za jalada zimeliwa na wadudu na mgongo umelegea. Nikachungulia katikati ya kila fungu la karatasi, pale uzi unapopita, nikakuta kipande chembamba cha ngozi, upana wa vidole viwili. Sababu yake unaijua kabla sijaisema: uzi ukikazwa juu ya karatasi tupu huikata. Mjalidi yule naye alitafuta kitu kigumu cha kuukinga mshono. Ila alichokitumia ni kitabu kingine. Alikichana vipande vipande, na vipande hivyo vina maandishi, Baba! Wino umekuwa wa kahawia, lakini herufi zimesimama.

Ni ngozi ya mnyama iliyolowekwa kwenye chokaa, ikaparwa, ikawambwa kama ngozi ya ngoma mpaka ikakauka. Upande wa manyoya bado una umanjano kidogo, na ukiutazama kwa karibu unaona vitundu vya vinyweleo. Maneno yake ni Kijerumani cha zamani, hadithi za watakatifu zilizotungwa kwa mashairi. Watu wa huku walikuwa nazo nyingi. Mwishoni mwa karne ya 13 ulitungwa utenzi uitwao Passional wenye mistari karibu 110,000, na mwingine uitwao Väterbuch, yaani Kitabu cha Mababa, unaosimulia wakaapweke wa jangwa la Misri kwa mistari zaidi ya 41,000. Zilinakiliwa kwa mkono, ng'ombe na mbuzi wakachinjwa kwa ajili ya kurasa zake. Kisha ukaja uchapaji, lugha ikabadilika hata wasomaji wakaiona ngumu, na upande wa Luther hadithi hizi zikapoteza heshima. Yeye mwenyewe aliligeuza neno Legende, yaani hadithi ya mtakatifu, kuwa Lügende, kutokana na neno lao la uongo. Hapo kitabu cha ngozi kikabaki na thamani ya ngozi yake tu. Kilikwenda kwa mjalidi.

Mwanzoni nilimkasirikia mtu yule. Nilimwona na kisu chake, akikata katikati ya sentensi. Sasa simkasirikii tena. Vitabu vingi vya namna hii vilivyoachwa vizima vilichomwa, vilioza, vililiwa na panya. Alivyovikata yeye vimekaa gizani miaka mia nne na zaidi, vimebanwa, vikavu. Kuna utenzi wa Mtakatifu Servatius, askofu wa Maastricht, uliotungwa na Heinrich von Veldeke katika karne ya 12. Nakala nzima iliyobaki iko Leiden, Uholanzi, na iliandikwa karne ya 15, lugha ikiwa imeshahama. Lakini vipo vipande vilivyotoka ndani ya majalada, vya karibu mwaka 1200, vinavyotunzwa Munich na hapa Leipzig. Ni vipande tu, lakini ndivyo vinavyotusogeza karibu zaidi na lugha ya mshairi mwenyewe. Wajalidi ndio waliotuhifadhia.

Nirudi kwenye kipande changu. Kisu kilipita wima, hivyo nilibakiwa na miisho ya mistari peke yake. Nashukuru mashairi haya yana vina, kila mistari miwili inafanana mwishoni, kwa hiyo hata miisho inasema kitu. Nikasoma grab, kaburi. Juu yake kidogo, lewen, simba. Nikamwita mwalimu wangu nikiwa na furaha, nikasema huyu ni Maria wa Misri, aliyekaa jangwani ng'ambo ya Yordani miaka 47, na simba akaja kumsaidia mzee Zosima kuchimba kaburi. Mwalimu akaniuliza, "Simba wangapi?" Sikuweza kujibu, kwa sababu katika lugha ile lewen inaweza kuwa simba mmoja au wengi, kutegemea mahali pake katika sentensi.

Siku mbili baadaye, kwenye fungu la tano, nikapata kipande jirani cha ukurasa uleule. Tulipolinganisha picha zake, mstari ukaungana: zwene lewen. Simba wawili! Basi si Maria. Ni Paulo Mkaapweke, yule ambaye kunguru alimletea nusu mkate kila siku, na siku mkaapweke mwenzake Antoni alipomtembelea akaleta mkate mzima. Alipofariki, Antoni hakuwa na jembe, simba wawili wakatoka jangwani wakachimba kwa makucha. Nilitokwa na machozi pale mezani, Baba. Sikuona haya.

Hatukuvitoa vipande. Zamani walivibandua kwa maji, siku hizi tunaviacha vilipo, maana mshono nao ni ushahidi. Tunapiga picha na kuandika mahali kila kimoja kilipo. Kule Marburg kuna sajili iitwayo Handschriftencensus inayoorodhesha maandiko yote ya Kijerumani ya enzi zile, hata kipande kidogo namna hii, ili vya kitabu kimoja vilivyotawanyika miji tofauti vikutane angalau kwenye orodha.

Mwambie Mama nimemwona pia mtakatifu wa jina langu. Kwenye picha zake Otilia hushika kitabu, na juu ya kitabu kuna macho mawili, kwa kuwa alizaliwa kipofu akapata kuona alipobatizwa. Wamisionari wa Mtakatifu Otilia ndio waliofika Peramiho mwaka 1898, na kutoka mikononi mwao ulijifunza kujalidi. Hilo nalifikiria kila ninaposhika sindano.

Sasa nina ombi. Kile kitabu cha nyimbo cha Bibi, ulichokijalidi upya nikiwa darasa la tatu, mgongo wake umeachia. Tafadhali asikiguse mtu kwa selotepu, wala gundi ya dukani. Kifungeni kwa kitambaa safi mkiweke juu ya kabati, mbali na moshi. Na unikumbushe: mgongoni ulitia karatasi gani? Nakukumbuka ukirudi jioni na karatasi zilizoharibika mashineni, umezikunja chini ya kwapa. Zilikuwa za gazeti, za katekisimu, au za nini? Nikija Juni nitakuja na taa ndogo, tuchungulie wote wawili.

Nisalimie Mama, Bibi na wadogo zangu wote.

Binti yako,
Otilia