Mzuie fundi kwanza

Swahiba yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Niliposoma kwamba fundi anataka kupiga Windows upya kwenye kompyuta yako, nimeona nikujibu leo leo. Mzuie. Picha za harusi ya mdogo wako na hesabu za duka zote zimo humo, na dalili ulizonieleza hazionyeshi Windows iliyokufa.

Unasema simu inafungua kila kitu, ila kompyuta kwenye Wi-Fi hiyo hiyo inadai tovuti haipatikani. Hebu zima data ya simu kisha ujaribu tena. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye bando kimya kimya, nawe ukadhani ruta ni nzima. Ikigoma, zima ruta na uiwashe upya. Ikifungua, ruta haina neno. Tafuta ndani ya kompyuta.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ugonge Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya Google. Ukiona "Reply from", unafika nje. Sasa andika ping wikipedia.org. Ikikujibu "could not find host", basi ugonjwa ni DNS: njia ipo, ila kompyuta haipati wa kuiambia jina hilo lina tarakimu gani. Hapo andika ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani iliyoyahifadhi yafutike.

Isiposaidia, ninaishuku ile VPN ya bure uliyoiondoa, yaani ile programu ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Programu za namna hiyo huweza kuacha anwani ya seva ya DNS isiyojibu tena. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Internet Protocol Version 4. Nakili kwenye karatasi tarakimu utakazozikuta, halafu chagua "Use the following DNS server addresses" na uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8 hapo.

Kama ni tovuti moja tu inayogoma, angalia faili liitwalo hosts, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Lina asili ya kale: kabla Paul Mockapetris hajabuni DNS mwaka 1983, majina ya kompyuta zote za mtandao yaliwekwa kwenye faili moja na kila mtu akalinakili. Windows bado hulisoma, na virusi hupenda kuandika humo. Mistari inayoanza na alama ya # haina madhara.

Ping zote mbili zikijibu na kivinjari bado kikalalamika kuhusu usalama, tazama tarehe pale chini kulia. Kwenu umeme hukatika sana, na kompyuta ya mezani ya umri ule betri yake ndogo ya saa, mara nyingi CR2032, huwa imekwisha. Umeme ukirudi, mashine hujiona iko miaka ya nyuma, na kivinjari hukataa vyeti vya tovuti, yaani vitambulisho vyake vya usalama, kwa kuona muda wake haujafika. Rekebisha tarehe, kisha mwambie fundi abadilishe betri. Kazi hiyo mpe kwa moyo mweupe.

Nitumie picha ya dirisha jeusi baada ya ping zote mbili. Shikamoo yangu imfikie mama.

Wako daima