Kwenu wanangu mnaosomea udaktari: mgonjwa akiomba kufa

Wanangu wa Muhimbili,

Salaam. Mimi ni muuguzi mstaafu, bibi wa Temeke, na wengi wenu ni rika la wajukuu zangu. Nasikia mnabishana kama daktari aruhusiwe kumsaidia mgonjwa kufa. Bishaneni, ila mjue mnachobishania.

Sheria yetu haina utata: anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha, na koti jeupe halimwokoi.

Wenzetu wameamua vingine. Jimbo la Oregon, Marekani, linaruhusu tangu 1997. Mgonjwa awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wakubaliane kuwa hafikishi miezi 6, na dawa ya kumaliza uhai anywe mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji, tangu 2002, daktari anaweza hata kumchoma mgonjwa sindano ya kifo. Kanada ilianza 2016; kufika 2021 imeshawafungulia mlango hata ambao kifo chao hakijakaribia. Miaka 5 tu!

Sisi tunaopinga hupenda kusema: mtulize mgonjwa maumivu, hataomba kufa. Si kweli yote. Wengi wanaoitumia sheria ile ya Oregon tayari wako kwenye tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na wanacholalamikia zaidi ni kutojiamulia mambo yao na kupoteza heshima. Maumivu huja nyuma. Wengi hutaja pia hofu ya kuwa mzigo kwa ndugu.

Hilo la mzigo ndilo linaloninyima raha. Hapa Dar mgonjwa wa kansa anajua kila kilichouzwa kwa ajili yake. Anajua kiwanja cha Mbagala kimekwenda, anajua binti anayemuuguza kafunga genge. Akisema "bora nife nipumzike", anayesema ni yeye au ni deni? Maneno hayo nimeyasikia sana wodini, na mara nyingi yalikuja ndugu wakishatoka kwa mhasibu. Mtu huyo ukimpa fomu asaini, utasema kachagua kwa hiari? Ndiyo maana napinga, kwa hapa kwetu na kwa sasa. Sisemi madaktari wa Oregon ni wauaji.

Halafu msichanganye mambo. Kumtoa mgonjwa kwenye mashine isiyomsaidia tena, au kumsikiliza akisema kemo, zile dawa kali za kansa, basi, si kumuua. Ugonjwa ndio unaommaliza. Wala morfini, dawa kali ya maumivu, si sumu. Ile ya maji, inayotolewa hospitali ya kansa ya Ocean Road, hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi hupandishwa kidogo kidogo kwa kufuata maumivu. Ikitumiwa hivyo inampa mtu usingizi wa usiku na nguvu ya kuongea na wanawe. Bado nawajua madaktari wanaoiogopa kama nyoka, mgonjwa analia mpaka alfajiri na Panadol mbili. Daktari wa namna hiyo asinipandie jukwaani kuongelea haki ya kufa.

Siku mgonjwa akikwambia amechoka kuishi, usimkimbilie na mawaidha. Vuta kiti. Muulize panapouma, kisha muulize nani analipa. Watoe ndugu nje, umuulize upya.

Mkishajadili, nileteeni hoja za wanaounga mkono. Ila zipigwe chapa, maana mwandiko wa madaktari naujua.

Bibi yenu, Temeke