Misumari ya shaba, tafadhali

Mafinga, 9 Julai

Kamwene Baba Tupo,

Habari za Uyole? Mama anaendeleaje na mguu? Huku tupo, baridi inatukata masikio. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa shemeji, na ningeendelea kukaa kimya kama si shida. Cheka tu.

Nimepata kazi ya meza ya ofisi, futi 5 kwa 2 na nusu, na mwenyewe anataka juu iwe ngozi. Siyo reksini ya viti vya daladala! Ngozi ya ng'ombe hasa, nene milimita 4, iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, miti ileile ya mashamba ya kampuni ya TANWAT tunayopita tukienda Njombe. Imekuja ngumu kama mlango. Naibembeleza: naipangusa maji ya uvuguvugu pande zote, naifunga kwenye nailoni usiku kucha, asubuhi inakunjika ukingoni bila ubishi. Ikiwa na maji inavutika, ikikauka inasinyaa, ndiyo maana nimeikata kubwa kuliko meza. Kona nimezipunguza unene kwa kisu, upande wa nyama, zisije zikavimba.

Sasa, misumari. Mteja kaniletea pakiti ya misumari ya kofia, ya njano, ya kupendeza. Nikasogeza sumaku, yote ikarukia. Chuma kilichopakwa rangi! Na chuma kikigusana na ngozi ya magome ikiwa na maji, panakuwa peusi tii. Kijana wangu alisahau tupa juu ya kipande kibichi, asubuhi tukakuta picha ya tupa. Ndimu ilififisha, lakini nani atazunguka na ndimu kila msumari? Mteja anaona namletea visingizio.

Kwa hiyo nakuomba, pita Mwanjelwa kwa yule Mkinga wa vitasa, uniulizie misumari ya shaba yenyewe, ya kofia, kama 200 hivi. Nenda na sumaku mfukoni. Akikuapia, wewe msikilize, halafu itoe sumaku.

Sanga naye kanishauri niimwagie ngozi mafuta ya nyonyo mpaka ikatae. Sanga na mafuta! Ngozi ikinywa kupita kiasi inalegea, inakuwa nyeusi-nyeusi, halafu mafuta yanahamia kwenye makaratasi ya watu. Meza ya kuandikia lazima ibaki na ugumu wake. Mimi ikishakauka napaka kidogo kwa kitambaa, naiacha ilale, ndipo nta ya nyuki niliyoyeyusha na mafuta kidogo, nasugua mpaka mkono usinate. Juani siianiki, wala karibu na jiko la mkaa, ingawa kwa baridi hii kijana ananiangalia vibaya. Na mwenye meza nimeshamwambia: kikombe cha chai ya moto kiwekwe kwenye kisahani. Amekubali kwa kichwa tu, unawajua mabosi.

Nta huku ipo tele. Misumari ndiyo inayonikosesha usingizi, maana bila hiyo nitabaki na gundi na kibanzi cha ubao pembeni, na sura yote itapotea.

Je, ukiipata, unaweza kumkabidhi kondakta wa basi la asubuhi? Bei utanitajia kwanza, au unanijua? Tupo kachaguliwa shule gani? Na ile randa yangu ndogo, bado iko kwako au ilishahamia kwa Sanga?

Wako,
Baba Neema