Ukoko wa Kichwani Haukwanguliwi

"Dada, mna sabuni kali kidogo ya kutoa huu ukoko?"

Swali hili tunaulizwa dukani kwetu hapa Kirumba, Mwanza, karibu kila wiki, na jibu letu huwaudhi wengine: hatuna, na hata tungekuwa nayo tusingekuuzia. Mama wa watu amekuja na hela yake mkononi. Mtoto ana magamba ya njano kuanzia utosini hadi kwenye nyusi, mawifi wameshaanza kunong'ona kwamba hajui kuogesha, halafu muuza duka naye anamwambia apunguze sabuni. Tumeona tuyaandike haya mahali pamoja, ili ukija uwe umeshajua tutakachokuambia.

Tuanze na jina lenyewe. Ukoko wa wali ukishika chini ya sufuria, huukwangui ukiwa mkavu. Unatia maji, unauacha, unaenda kufua, ukirudi umebanduka wenyewe. Mwenye haraka na stilwaya yake anaishia kuikwaruza sufuria, na kesho yake wali unashika vibaya zaidi. Waliouita hivyo ukoko wa kichwani walijua wanachosema.

Hutokea zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo. Tezi za mafuta za mtoto bado zinaamshwa na homoni alizotoka nazo kwa mama, kichwa kinatoa mafuta mengi, na fangasi aitwaye Malassezia, ambaye huishi kwenye ngozi za watu wazima wenye afya zao, anastawi kwenye mafuta hayo. Ngozi iliyokufa inagandamana badala ya kupukutika, ndiyo yale magamba. Si uchafu na hauambukizi. Mara nyingi hata haumwashi mtoto; anayewashwa ni mama, kila akiutazama. Kwa watoto wengi huisha wenyewe kabla hawajatimiza mwaka.

Ukitaka kuusaidia uondoke, chukua mafuta mepesi yasiyo na manukato, kidogo tu, upake kwa ncha za vidole. Acha dakika 15 hadi 20, na kama umeshupaa, acha usiku kucha. Kisha pitisha brashi laini ya mtoto kwa kuzungusha taratibu (brashi, si kitana), halafu osha kwa maji ya vuguvugu na shampuu kidogo ya watoto. Yanayotoka yatoke, yanayobaki, yaache mpaka kesho kutwa. Hapo kwenye kuosha ndipo wengi wanaporuka. Mafuta yakilala kichwani siku nzima na jioni yakaongezwa mengine, yanageuka chakula cha fangasi yuleyule, hasa mafuta ya kupikia na samli. Tunajua mabibi wengi wa Kisukuma wanaiamini samli, na hatuna ugomvi nao, wamelea watu. Ila ikipakwa kichwani, basi ioshwe.

Kingine ni utosi. Mama anaosha kichwa kizima na kuuruka utosi kwa sababu anauona unapwita, anaogopa. Matokeo yake ukoko unajijenga palepale juu kama kibaraghashia. Chini ya ngozi ya utosi kuna utando imara. Kiganja chenye povu kikipita polepole hakiudhuru. Usipabonyeze tu. Paoshe kama unavyoosha shavu.

Sasa lile jambo zito zaidi. Siku moja alikuja mama kutoka Igogo, na kabla hajasema neno alitugeuzia mgongo. Blauzi yake, chini kidogo ya bega la kulia, ilikuwa imelowa na kufifia rangi, duara la ukubwa wa kisahani cha chai. "Hapa ndipo anapojisugulia," akasema. Mtoto wa miezi mitano bado hajui kujikuna vizuri, basi akibebwa mgongoni analaza shavu kwenye nguo na kulipeleka kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka usingizi umchukue. Kisogoni nywele zilikuwa zimekatika kwa kusugua godoro. Mtoto huyo hakuwa na ukoko tu. Alikuwa anawashwa, na kuwashwa ndiko kunakotofautisha pumu ya ngozi na ukoko wa kawaida.

Pumu ya ngozi, wengine huiita ukurutu, huja sana kwenye familia zenye pumu ya kifua au mafua ya aleji. Ngozi ya mtoto huyu ni kama ukuta ambao lipu yake ina nyufa: unyevu wa ndani unatoka, na jasho, vumbi na sabuni vinaingia na kuichokoza. Inachokozeka, inawasha, anajisugua, nyufa zinaongezeka. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, kwenye paji la uso, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, wakati penye nepi mara nyingi pako salama. Akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Msimu wa Juni hadi Agosti, upepo mkavu ukianza kupepeta vumbi kwenye vilima vyetu, ndipo dukani tunapowaona wengi.

Ukisoma maelezo ya kutoka nje utaambiwa utafute ngozi nyekundu. Kwa mtoto mweusi utasubiri sana. Tafuta kijivujivu, weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani, au vipele vidogovidogo vinavyokwaruza kiganja kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ikipoa huacha mabaka meupe au meusi, ambayo huchukua miezi kurudi rangi yake. Mabaka hayo si kuungua wala si mashilingi, na hayahitaji kukwatuliwa kwa chochote.

Si kila kinachowasha ni pumu ya ngozi, lakini. Vipele vya shingoni na kifuani baada ya kuvishwa sweta, kofia ya sufi na soksi saa saba mchana ni harara: mvue, vitaisha. Nywele zikinyofoka mabaka mabaka na kuacha magamba, huenda ni mashilingi, na hayo ya kichwani hayaponi kwa kupaka, yanahitaji dawa ya kunywa kutoka kwa daktari. Na kama nyumba nzima mnajikuna usiku, na mtoto ana vipele mpaka kwenye viganja na nyayo, fikirieni upele, mtibiwe wote siku moja.

Turudi kwenye beseni, kwa sababu vita vya pumu ya ngozi unavishinda au unashindwa hapo. Kuogesha mara moja kwa siku kunatosha. Maji yawe vuguvugu ambayo kiwiko chako hakisikii moto wala baridi. Dakika tano hadi kumi, basi. Dodoki liweke kwa matumizi ya baba. Sabuni ya mche ni ya kufulia, haijalishi bibi aliitumia kwa nani. Tumia kidogo ile isiyo na harufu, kwapani, shingoni na penye nepi, na kwingine maji yanatosha. Dettol kwenye maji ya kuogea mtoto hatushauri kabisa, ngozi yenye nyufa inaungua. Ukimtoa, mkaushe kwa kugusagusa na kanga laini bila kufuta, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka mafuta. Ukimaliza kumvalisha kwanza ndipo ukumbuke mafuta, maji yameshapaa.

Wateja wetu wa visiwa vya Ukerewe na Kome na mialoni ya huku na huku, neno kidogo kuhusu maji yenyewe. Maji ya ziwa yaliyochotwa sasa hivi yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo vinapenya ngozi nzima bila kungoja jeraha. Mtoto anaogeshwa ndani ya beseni nyumbani na bado anakipata kichocho. Yachemshe kisha yapoe, au yaweke kwenye chombo chenye mfuniko siku mbili kamili ndipo umwogeshee.

Mafuta gani? Hapa tungeweza kukuuzia kopo la bei mbaya, lakini mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na rangi wala harufu, yanafanya kazi hiyo vizuri kuliko mengi yenye picha ya mtoto anayecheka. Soma lebo: ukikuta neno parfum au fragrance, rudisha rafuni. Mafuta ya zeituni, ambayo siku hizi yanasifiwa sana, yaache jikoni. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliyajaribu kwa watu wazima na kuchapisha mwaka 2013 kwamba yanadhoofisha ukuta wa ngozi, wakati yale ya alizeti hayakufanya hivyo. Kosa kubwa zaidi ni ubahili. Kikopo cha gramu 50 kinachodumu mwezi hakitibu kitu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ugonjwa huu. Mtoto mchanga ana mwili mdogo, hatakufikisha huko, lakini pata picha: paka mara mbili tatu kwa siku, mwili mzima, kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Chota kwa kijiko kisafi, usizamishe vidole koponi. Na ukimpaka, kaa naye mbali na jiko la mkaa na kibatari. Nguo iliyonyonya mafuta inashika moto upesi.

Kama mtoto wako hana tatizo, usije kununua mafuta ya kumkinga. Utafiti mkubwa wa Uingereza, watoto 1,394 waliozaliwa kwenye familia zenye aleji, ulichapishwa mwaka 2020 na kuonyesha kwamba kupaka kila siku mwaka wote wa kwanza hakukuzuia pumu ya ngozi kutokea. Tunapoteza mauzo kwa kusema hivi, sawa.

Nguo: pamba, zisuuzwe mara mbili sabuni ya unga iishe kabisa, na mpya zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Wewe unayembeba vaa kitu laini begani. Kucha zake zikatwe fupi.

Na sasa niseme kwa nafsi yangu, si kwa duka. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mashavu yanayochuruzika majimaji. Niliingia duka moja la dawa, nikauziwa kitubu bila kuulizwa hata umri wa mtoto. Siku tatu, ngozi safi! Nikamsifu muuzaji kwa majirani wote. Nikaendelea kupaka miezi miwili, kila nikiacha vinarudi kwa hasira, mpaka shavu likawa jeupe na jembamba, vimishipa vinaonekana. Daktari alisoma kile kitubu na kuniuliza kama nilijua ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Sikujua. Steroidi si sumu. Daktari anaweza kumwandikia mtoto haidrokotisoni ya asilimia moja kwa siku chache na ikamwokoa. Ila kwenye kitubu kukiwa na clobetasol au betamethasone, usimpake mtoto mchanga usoni kwa ushauri wa muuzaji wala wa shoga yako. Na cream za kung'arisha za mama zisiguse mtoto, hata kwa mikono ambayo haijanawa: kipodozi hakiruhusiwi kuwa na steroidi hapa nchini, lakini mkorogo unavyotengenezwa nani anapima?

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Mama anayenyonyesha huambiwa aache dagaa, aache mayai, aache maziwa, mpaka anabaki na ugali na chumvi. Wapo watoto wachache ambao chakula kinahusika, hasa ugonjwa ukiwa mkali na akila kitu fulani anavimba au anatapika, na hao wapimwe. Wengine wote, kula samaki wako na unyonyeshe.

Yapo ambayo hatuyagusi dukani, tunakuelekeza kituo cha afya siku hiyohiyo: ganda la rangi ya asali, usaha, au ngozi yenye joto na uvimbe, mtoto ana homa, amezubaa au hanyonyi, hali inaenea licha ya mafuta. Malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja, yanayopasuka na kuacha vidonda vya duara, ni dharura hata usiku. Hutokana na virusi vilevile vya vidonda vya homa mdomoni, ndiyo maana mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto huyu, awe shangazi au nani. Ukiwa kituoni uliza rufaa ya mtaalamu wa ngozi. Wapo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1992.

Yule mama wa Igogo alirudi baada ya wiki tatu kuchukua kopo la pili. Shavu la mtoto lilikuwa bado na baka, lakini blauzi ilikuwa kavu. Kumbe kabla ya hapo alikuwa anamwogesha mara mbili kwa siku kwa sabuni, kila mara dakika ishirini, kwa sababu aliambiwa mtoto ananuka.

Jumamosi asubuhi huwa hatuna haraka. Njoo na mtoto, na uje na kila unachompaka, hata ulichoficha kabatini, tukisome pamoja pale kaunta. Beseni lipo na maji ya vuguvugu tutakupa. Kukuonyesha jinsi ya kulainisha ukoko hatutozi. Brashi ndiyo inauzwa, na kama unayo nyumbani, leta ya kwako.