Mheshimiwa Mganga Mkuu, mama yangu apimwe mafuta yote

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa mkoa wetu, shikamoo. Naandika hadharani maana barua mbili nimepeleka masjala na jibu sijapata.

Jumanne ilopita nimempeleka mama kliniki ya sukari, tumetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hajatia kitu mdomoni, tumekaa benchi mpaka saa sita ndo tunaambiwa kipimo kamili cha mafuta ya kwenye damu hakuna, vitendanishi (dawa za kupimia maabara) vimeisha, labda apime kolesteroli ya jumla, ile namba moja inayojumlisha kolesteroli zote. Machi tuliambiwa hivyohivyo. Na siku ya kuzindua jengo ulisema mwenyewe kwa kipaza sauti kwamba Juni havitakosekana, nilikuwepo, nimekusikia.

Hiyo ya jumla ndo aliyopimwa kaka yangu. Ilisoma 4.6, wakamwandikia kawaida kwenye daftari, akarudi anafurahi. Miezi mitano baadae kiharusi, mkono wa kulia mpaka leo haunyanyuki. Maabara ya kulipia ndo ikatuonyesha, trigliseraidi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, 4.1 wakati inatakiwa chini ya 1.7, kolesteroli nzuri (HDL) 0.7 wakati mwanaume inatakiwa izidi 1.0. Presha nayo alikuwa nayo, siwezi kuapa kilichomwangusha ni kipi, ila hayo mafuta yangejulikana mapema angetibiwa.

Wewe ni daktari unayajua haya, lakini mimi nimeyajua kwa machungu. Kwenye kisukari aina ya pili mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari, mafuta yanaachiwa kwenye damu, ini linayageuza trigliseraidi nyingi, nazo zinabadilishana mzigo na kolesteroli nzuri, ile nzuri inatoa kolesteroli yake inajazwa trigliseraidi, inabaki chembe ndogondogo na mwili unaiondoa haraka. Ndo maana moja ikipanda nyingine inashuka, na ukijumlisha yote namba inaweza kutoka nzuri tu. Sasa kwa mgonjwa wa sukari hiyo jumla peke yake inatusaidia nini mheshimiwa?

Kule kwa kulipia ni elfu thelathini na tano, mama anauza mchicha gengeni, hiyo ni hela ya wiki nzima na bado kuna dawa na nauli. Haombi kupimwa kila mwezi, angalau mara moja kwa mwaka, trigliseraidi na kolesteroli nzuri, ziandikwe kwenye daftari lake.

Anarudi kliniki tarehe 14 mwezi ujao. Nakuomba sana, tukifika vitendanishi viwepo.