Risala ya Mafundi wa Karakana ya Ndege Zisizo na Rubani kwa Mgeni Rasmi

Afande Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo. Makamanda, wakufunzi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha majukumu mazito ya ulinzi wa taifa uje karakanani kwetu. Karibu sana.

Afande, historia tutaipitia kwa haraka. Mwaka 1918 Marekani ilirusha Kettering Bug, bomu lenye mabawa lisilo na rubani, lililohesabu mizunguko ya injini yake kisha likaachia mabawa na kuanguka. Sisi tulianza na meza moja. Leo tumeunda ndege tatu kwa mikono yetu, tumefundisha kozi mbili za vijana, na tumetunukiwa cheti cha ushiriki katika maonyesho. Haya ni mapinduzi makubwa ya kiteknolojia.

Afande, ndege ya tatu ndiyo iliyotufanya tukualike. Vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba droni ikivurugiwa mawimbi ya redio na setilaiti hupotea, hata wengine wameamua kuziongoza kwa waya mwembamba wa nyuzi za kioo. Yetu ina kamera inayotazama chini na kompyuta ndogo inayolinganisha picha na ramani, ijue ilipo bila setilaiti.

Tunaijaribia wapi? Bohari, chini ya wavu, mita 4 kutoka sakafuni. Kamera yake inaona saruji na mstari mmoja wa njano. Haijawahi kuona mto, barabara wala kivuli cha wingu. Upepo inaoujua ni wa feni. Chombo kinachojichagulia njia lazima kikosee kwanza pasipo na watu, nasi hatuna mahali hapo.

Mwaka juzi mgeni rasmi alituahidi uwanja wa majaribio kabla ya mvua. Mvua zimenyesha misimu miwili. Mwaka jana mgeni mwingine akaahidi kulifuatilia. Tunaamini nia zao zilikuwa njema na kazi zao nyingi. Barua zetu tatu zina mihuri ya kupokelewa. Nakala zimo kwenye jalada la bluu mbele yako.

Kwa heshima zote, Afande, ahadi tunazo za kutosha. Tunaomba uwanja, kibali cha kurusha siku mbili kwa wiki, na tarehe ya kuanza. Afisa usalama tumeshamteua, na swichi ya kuzima injini kutoka ardhini tumeshaiweka. Betri zilizovimba tumeziorodhesha ukurasa wa mwisho. Hizo zinaweza kusubiri.

Nafasi ya saini iko ukurasa wa pili.

Tunaomba kuwasilisha.